Sufuria Iliyozaa: Kwa Nini Abunuwasi Hachuji

Daftari la Kiswahili la mpwa wangu, mwanafunzi wa darasa la nne hapa Moshi, lina alama ya kosa ambayo imenikaa moyoni tangu likizo ya Juni. Swali lilikuwa lile lililozoeleka, «Hadithi hii inatufundisha nini?», na hadithi yenyewe ni ya Abunuwasi na sufuria. Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha ikiwa na kisufuria kidogo ndani yake, akaeleza kwamba sufuria ilikuwa na mimba na sasa imezaa. Jirani akafurahi, akapokea vyote viwili, mama na mtoto. Safari ya pili Abunuwasi akaazima tena, siku zikapita, na jirani alipokwenda kudai mali yake akapewa pole kwa msiba: sufuria imefariki. Jirani akang'aka kwamba sufuria haifi, naye Abunuwasi akamuuliza kitu kinachozaa kitashindwaje kufa. Mpwa wangu alijibu swali lake kwa penseli, kwa mwandiko wa kulala: «Jirani alikubali uongo kwa sababu ulimpa faida.» Alikoseshwa. Pembeni, kwa wino mwekundu, mwalimu aliandika jibu lililotakiwa: «Tusiwe waongo.»

Simlaumu mwalimu huyo, maana najua madaftari aliyokuwa nayo mezani siku hiyo, na najua kwamba mwongozo wa kusahihisha haukumwachia nafasi kubwa. Hata hivyo, nimeusoma ule mstari wa penseli mara nyingi, na kila ninapousoma naona kwamba mtoto wa miaka kumi ameona kile ambacho kimeifanya hekaya hii ivuke bahari, lugha, tawala na mitaala bila kuchuja. Abunuwasi hadumu kwa sababu ni mjanja, kwani wajanja wako tele katika hadithi zetu. Anadumu kwa sababu analichukua neno alilolisema au kulikubali mwenye nguvu, analiweka mbele ya watu, na kumtaka mwenye neno alifuate mpaka mwisho, hata pale linapomgeukia. Uongo wa sufuria kuzaa ulikuwa wa watu wawili: mmoja aliusema na mwingine akaupokea kwa mikono miwili. Jirani hana haki ya kuwa mkweli siku ya hasara tu.

Wasomaji wengi waliokua na jina hili hawajui kwamba lilikuwa la mtu wa kweli. Abu Nuwas, ambaye jina lake la kuzaliwa ni al-Hasan ibn Hani, alizaliwa Ahwaz, katika nchi ambayo leo ni Irani, katikati ya karne ya 8, kwa baba Mwarabu na mama Mwajemi. Alilelewa na kusoma Basra, akaendelea na masomo Kufa, kisha akapata umaarufu Baghdad katika zama za Harun al-Rashid, aliyetawala kuanzia mwaka 786 hadi 809, na za mwanawe al-Amin aliyemfuata. Alikuwa mshairi, tena mmoja wa washairi wakubwa kabisa wa Kiarabu, na diwani yake imejaa mashairi ya mvinyo, mapenzi na uwindaji ambayo hakuna mwandaaji wa vitabu vya kiada angethubutu kuyaweka mbele ya watoto. Mjini Baghdad barabara inayofuata ukingo wa mto Tigris inaitwa kwa jina lake hadi leo. Aliaga dunia miaka michache baada ya 810, bila kujua kwamba jina lake lingekuja kutamkwa na watoto wenye vumbi la soko la Mbuyuni miguuni.

Safari kutoka kwa mshairi huyo hadi kwa Abunuwasi wetu haikunyooka. Habari za maisha yake zilitoa mbegu: alijulikana kwa ulimi mwepesi mbele ya wakubwa, na ulimi huo ulimponza, kwani baada ya Harun kuiangusha familia ya mawaziri wake wa Kibarmaki, mshairi aliwaombolezea katika beti zake na ikambidi akimbilie Misri kwa muda. Watu wakalikumbuka jina la mtu aliyekaa karibu na kiti cha enzi na asiyeogopa kusema. Wasimuliaji wa Alfu Lela Ulela wakamwingiza katika visa vyao vya ikulu ya Harun. Kisha ikatokea ile kawaida ya masimulizi ya mdomo, kwamba jina kubwa huvuta visa vidogo kama sumaku. Visa vilivyokuwa vya Juha, mtu wa mizaha ambaye Waarabu walimtaja katika maandishi tangu karne ya 9, na visa ambavyo Waturuki huvihesabu kuwa vya Nasreddin Hoja, vikahamia kwa Abunuwasi kila vilipofika mahali ambapo jina lake ndilo lililojulikana zaidi. Sufuria iliyozaa ni mojawapo. Huko Uturuki na Asia ya Kati aliyeizalisha ni Hoja, na mwaka 2022 UNESCO iliingiza desturi ya kusimulia visa vya Hoja katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwa maombi ya nchi saba kwa pamoja.

Bahari ya Hindi ndiyo iliyomchagua Abunuwasi. Ukisafiri kwa pepo za kaskazi na kusi, pepo zilezile zilizoendesha majahazi, utamkuta kila upande: Indonesia watoto wanamsoma kwa jina la Abu Nawas, akiwa bado na Harun al-Rashid wake, Komoro anaitwa Banawasi, kwetu ni Abunuwasi, na wengine humwita Bunuasi. Hakuna serikali iliyompeleka huko, wala kampuni ya kuuza vitabu. Alisafiri pamoja na tende, vyungu na nguo, katika vinywa vya mabaharia waliokuwa na miezi ya kusubiri upepo ugeuke.

Maandishi yalifuata baadaye sana. Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyefika Unguja mwaka 1864 na ambaye baadaye alifanywa askofu, alichapisha London mwaka 1870 mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa na wenyeji wa Unguja, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa unaoukabili, na kazi hiyo ikaonyesha kwamba ngano za Waswahili zilistahili wino na karatasi sawa na za taifa lolote. Hekaya za Abunuwasi nazo zikaingia katika vitabu vya kusomea wakati wa ukoloni. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930, ikichukua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, ilihitaji vitabu vya kuieneza lugha hiyo bara, na visa vifupi, vyenye majibizano na neno la kukata mwishoni, vilikuwa chombo kizuri kuliko insha yoyote ya maadili. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Kiswahili kiliposhika nafasi ya lugha ya kufundishia shule zote za msingi, Abunuwasi alikuwa tayari yuko darasani akisubiri. Kizazi cha wazazi wangu kilimsoma kwenye vitabu vilivyopitishwa dawati hadi dawati, vikiwa vimepoteza jalada, na jioni kikasikiliza ngano nyingine katika kipindi cha Mama na Mwana cha Redio Tanzania.

Huku Kilimanjaro alikuta hadithi za wenyewe. Mababu zetu walikuwa na ngano zao kwa Kichaga, na hata mlima una kisa chake: Mawenzi, kilele kidogo, aliyekwenda kuomba moto kwa Kibo, kilele kikubwa, akapigwa mpaka akabaki na mapengo tunayoyaona hadi leo kila mawingu yanapofunguka. Lakini njia ya misafara iliyotoka pwani kufuata bonde la mto Pangani ilikuwa ikileta wafanyabiashara Waswahili hadi hapa tangu kabla ya Wazungu kufika, na reli ya kutoka Tanga ilipofika Moshi mwanzoni mwa miaka ya 1910 iliongeza tu idadi ya wasimuliaji. Ninapenda kuamini kwamba Abunuwasi alifika Moshi kwa miguu kabla hajafika kwa kitabu.

Sasa nirudi kwenye kile kinachomfanya adumu, kwa sababu umri peke yake hauelezi kitu. Ziko hadithi nyingi za kale ambazo hakuna mtoto anayeziomba.

Julai iliyopita nilikuwa Kibosho kwa bibi yangu, katika baridi ile ya mlimani ambayo mtu wa Dar es Salaam haamini mpaka imwingie kwenye mifupa. Tulikuwa jikoni, watoto wamezunguka mafiga, kuni zikiwa ni matawi ya mibuni iliyopogolewa, na sufuria ya mtori ikitokota taratibu. Nikawasimulia kisa cha maskini aliyeahidiwa zawadi na Sultani endapo angekesha usiku kucha ndani ya maji baridi. Maskini yule alikesha, akatetemeka, akavumilia, na asubuhi alipoulizwa alipataje nguvu akajibu kwa uaminifu kwamba aliona taa ikiwaka mbali, akaikazia macho. Sultani akamnyima zawadi: umeota moto wa taa, ndiyo maana hukufa. Abunuwasi aliposikia, aliwaalika Sultani na watu wake kwa chakula. Wageni wakasubiri hadi adhuhuri, hadi alasiri, njaa ikawauma, na walipokwenda kutazama wakakuta moto umewashwa chini na chungu kimening'inizwa juu kabisa ya mti.

Sikumaliza. Mtoto mdogo kuliko wote, wa miaka sita, alinyanyuka, akanyoosha kiganja juu ya moto wa bibi, akakipandisha polepole mpaka pale mkono wake ulipofika mwisho, kisha akasema, «Hapa tayari ni baridi.» Bibi, ambaye muda wote alikuwa kimya, akaitikia kwa Kichaga, kisha kwa Kiswahili: «Ndivyo. Na mtu yule alikuwa mbali zaidi ya hapo.» Nikaona kwamba sikuwa na la kuongeza. Mtoto alikuwa ameipima hukumu ya Sultani kwa kiganja chake mwenyewe na kuikuta ni ya uonevu.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya kisa hiki. Abunuwasi hamwambii Sultani kwamba amedhulumu. Anaichukua kanuni ya Sultani, kwamba moto wa mbali hupasha joto, anaikubali kwa heshima zote, anapika kwa kanuni hiyo, na kumwacha Sultani ashinde na njaa ya sheria yake. Angalia pia kisa cha maskini aliyekula chakula chake kikavu huku akinusa mvuke wa nyama ya tajiri, akashtakiwa kwa kula harufu bila kulipa: Abunuwasi anazitikisa fedha masikioni mwa tajiri na kumwambia kwamba aliyeuza harufu amelipwa mlio. Angalia Sultani anayemwamuru ajenge nyumba hewani kwa siku chache: Abunuwasi anarusha tiara yenye kengele, watu wanasikia mlio juu, naye anamwambia Sultani kwamba mafundi wameshafika kazini na wanasubiri wapelekewe mawe na chokaa huko huko angani. Sultani anakiri kwamba hakuna awezaye kupanda kupeleka vifaa, na kwa kukiri huko amri yake imekufa. Katika kila kisa, mnyonge hakutunga sheria mpya. Alishika ile iliyokuwepo na kuitaka itende kazi kwa wote.

Kwa mtoto, jambo hili si la ikulu ya Baghdad. Mtoto ndiye raia mdogo kuliko wote nyumbani. Amri anazopewa ni nyingi, nyingine zinapingana, na wanaozitoa wana kawaida ya kuzisahau pindi zinapowabana wao wenyewe. Anaambiwa asiseme uongo, kisha anatumwa mlangoni kumwambia mwenye deni kwamba baba hayupo. Hana nguvu ya kubishana. Alicho nacho ni kumbukumbu ya kile kilichosemwa, na Abunuwasi ni mtu wa kwanza katika maisha yake ya kusoma anayemwonyesha kwamba kumbukumbu hiyo ni silaha halali, tena yenye adabu.

Hili ndilo linalomtenga na Sungura, ambaye nampenda pia na ambaye katika ngano zetu nyingi ndiye bingwa. Sungura hushinda kwa kukimbia, kwa kujificha, kwa kumwachia Fisi mzigo wa kosa; msituni hakuna hakimu, na asiyeliwa ndiye mwenye haki. Abunuwasi anaishi mjini. Ana majirani, ana soko, ana kadhi, na visa vyake vilivyo vizuri kuliko vyote vina umbo la shauri: kuna mdai, kuna mdaiwa, kuna neno lililotamkwa mbele ya mashahidi. Msomaji anawekwa penye kiti cha hukumu. Ndiyo maana ukimsomea mtoto wa miaka sita na mzee wa miaka 70 kwa wakati mmoja, wote wawili wanainama mbele kidogo pale Abunuwasi anapofungua kinywa.

Wapo wanaosema kwamba hekaya hizi zinafundisha utapeli, na hoja yao nisingependa kuipita kwa haraka. Ni kweli kwamba mkusanyo huu haulingani. Vimo visa ambavyo Abunuwasi anamwibia mtu asiyemkosea, au anamuuzia mnunuzi punda anayedaiwa kunya fedha, na katika visa hivyo hakuna sheria ya mkubwa inayorudishwa kwake. Kuna mtu aliyelizwa tu. Kwa hukumu yangu hivyo ni visa dhaifu, na nilivyoona katika kuwasomea watoto wa ndugu zangu, ndivyo ambavyo havirudiwi kuombwa. Watoto wanacheka mara moja kwa sababu ya kinyesi, basi. Sufuria wanaiomba tena na tena, na wanapoiomba hawataki kusikia jinsi jirani alivyodanganywa. Wanataka kufika pale anapokipokea kile kisufuria. Pale ndipo wanapotazamana.

Tena wazee wetu walikwisha kulijibu shaka hili kabla halijaulizwa. Msimulizi alianza kwa kuita «Hadithi, hadithi!», na wasikilizaji waliitika «Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!» Kila aliyekaa pale alikuwa ameukaribisha uongo kwa jina lake, akijua ni uongo, ili autumie kuutazama ukweli kwa karibu. Na katika mkusanyo wa Steere kuna masimulizi yanayofungwa kwa maneno ya kwamba hadithi hii ikiwa njema, wema wake ni wetu sote, na ikiwa mbaya, ubaya ni wa aliyeitunga peke yake. Mizani waliachiwa wasikilizaji. Hakuna aliyesimama katikati yao na kalamu nyekundu.

Vitabu vya sasa vya watoto ninavyovikuta madukani Moshi na Arusha vimeendelea sana kwa picha na karatasi, na kazi iliyofanywa tangu mwaka 1991 na Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ya kuwawezesha waandishi na wachapishaji wa hapa nchini, inastahili heshima kubwa. Malalamiko yangu ni juu ya ukurasa wa mwisho. Karibu kila hadithi inafungwa kwa funzo lililochapishwa, mara nyingi ndani ya kisanduku chenye rangi, na funzo hilo karibu wakati wote ni jembamba kuliko hadithi yenyewe. Mtoto akishajua kwamba jibu liko kwenye kisanduku, hana sababu ya kukaa na jirani, kumtazama akipokea kisufuria, na kujiuliza kilichokuwa kikipita kichwani mwake. Maswali ya ufahamu yana nafasi yake, na mtoto anapaswa kujua nani aliazima nini kwa nani. Lakini kwa swali la hadithi inafundisha nini, ningependa mwongozo wa mwalimu uwe na mstari mmoja tu: jibu lolote ambalo mwanafunzi anaweza kulitetea kwa maneno yaliyomo ndani ya hadithi lipewe alama. Mpwa wangu angeweza kulitetea lake. Lile la wino mwekundu lingepata taabu kujitetea, kwa sababu hakuna mahali katika kisa kile ambapo mwongo anaadhibiwa.

Jumapili moja nilimwomba mpwa wangu anisomee kisa kile cha sufuria kwa sauti, barazani, mbele ya baba yake na babu yake. Alisoma vizuri, akapumzika penye nukta, na alipofika kwenye msiba wa sufuria akalifunga daftari. Kisha akaniuliza, «Mjomba, na kama jirani angesema siku ile ya kwanza kwamba hiki kidogo si changu, kichukue?» Baba yake alisema Abunuwasi angetafuta jirani mwingine. Babu yake alikataa, akasema Abunuwasi angeirudisha ile sufuria ya pili siku hiyo hiyo, tena ikiwa imesuguliwa. Walibishana mpaka chai ikapoa, na binti mwenyewe alikuwa amekaa kati yao, akimtazama kila mmoja kwa zamu yake kama kadhi.